Skani Iliyogota Palepale

Usiku wa nne wa skani, yaani kukagua kompyuta nzima kutafuta virusi, namba iligota palepale ilipogota usiku wa tatu. Mafaili 418,000 na ushei, halafu kimya. Muda uliobaki, ambao saa moja kabla uliandikwa dakika arobaini, ukawa saa mbili, kisha tatu. Nilizima feni ya chumba ili nisikie vizuri. Ndani ya kasha la kompyuta diski ililia tik, tik, ikavuma kidogo, ikarudia tik.

Baba alikuwa sebuleni na tasbihi yake.

"Bado haijamaliza?"

"Bado, Baba."

"Basi iache ilale hivyo. Asubuhi itakuwa imemaliza."

Nikaiacha. Hilo ndilo kosa ninalotaka kulieleza, kwa sababu nyumba nyingi zinalifanya kwa nia njema kabisa.

Kompyuta ni ya Baba. Ni mashine ya mezani, used ya Dubai, aliyoinunua Kariakoo mwaka aliostaafu ualimu, akaipakia kwenye basi hadi Tanga ikiwa imeviringishwa blanketi. Ina RAM ya GB 4, Windows 10, na diski ya GB 500 ya aina ya zamani, yenye sahani zinazozunguka. Wengi wangeiona mashine ya kuandikia barua tu. Lakini Baba aliinunua kwa kazi moja: alitaka kuhamisha kanda za kaseti za nyumbani kabla hazijaoza. Kanda kumi na moja. Sauti ya mama yake, bibi yetu, akisimulia ngano, akiimba nyimbo za kubembelezea watoto, akiorodhesha ukoo kwa pumzi moja bila kusita. Bibi alishafariki. Baba alikaa miezi mingi na waya kutoka kwenye redio kaseti hadi nyuma ya kompyuta, akirekodi kanda moja baada ya nyingine. Alihifadhi sauti bila kuibana, kwa hiyo kila kanda ya saa moja ilichukua kama MB 635. Zote kumi na moja zilikuwa kwenye diski ile. Kwenye diski ile tu.

Virusi vililetwa na flashi. Baba ni katibu wa kamati ya mazishi ya mtaa, na orodha za michango huzichapisha steshenari. Siku hiyo flashi iliporudi, mdogo wangu akaichomeka, akakuta folda zote zimegeuka njia za mkato, zile zenye kimshale pembeni. Akabofya moja. Folda ikafunguka kama kawaida na vitu vyake vyote, na ndiyo maana watu hawashtuki: kirusi cha aina hii huficha folda halisi, huweka njia ya mkato yenye jina lilelile, na ukiibofya hufanya mambo mawili kwa pamoja, kuendesha programu yake na kukufungulia folda uliyoitaka. Unaona kazi yako ipo, unaendelea. Flashi yoyote utakayoichomeka baadaye kwenye mashine hiyo nayo inaambukizwa.

Defender, ile programu ya kuzuia virusi inayokuja na Windows, ilipiga kelele na kuondoa kitu kimoja. Folda za flashi tukazirudisha kwa amri ya attrib, kuondoa ile alama ya kufichwa. Hapo nikaamua kufanya skani kamili, na uamuzi huo bado nauona sahihi. Kwa siku za kawaida skani ya haraka inatosha: inatazama kumbukumbu ya mashine, programu zinazojiwasha zenyewe, na sehemu za mfumo ambako virusi hupenda kujibanza, huku ulinzi wa muda wote ukikagua kila faili linalofunguliwa. Skani kamili, inayopitia diski nzima, ina maana zaidi pale ambapo kitu kimeshapatikana na unataka kujua kama kimeacha watoto mahali pengine.

Usiku wa kwanza kompyuta ililala. Sikujua kwamba mpangilio wa umeme uliiambia ilale baada ya nusu saa bila kuguswa. Asubuhi niligusa mausi, kioo kikawaka, skani hakuna. Nikaenda kwenye mipangilio, nikaizuia isilale.

Usiku wa pili umeme ulikatika saa nane. Tuna UPS, lakini betri yake imezeeka, inatupa dakika tano za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima, nayo haina mtu wa kumwamsha saa nane usiku. Umeme uliporudi nikaanza upya. Namba ilianza kwenye sifuri. Ule usomaji wote wa saa nne ukawa umepotea, na kwenye nyumba ambayo umeme una desturi ya kukatika, hilo linachosha roho kuliko kirusi chenyewe.

Kwa hiyo usiku wa tatu skani ilipogota, nilikuwa tayari na maelezo. Nilijiambia ni mashine ya zamani. Nilijiambia ni yale mafurushi ya zip ya mdogo wangu, yaani mafaili mengi yaliyofungwa kuwa moja: michezo yake na nakala za diski nzimanzima alizopakua. Na maelezo hayo hayakuwa ya uongo, ndiyo maana yalinilaza. Programu ya kuzuia virusi haiishii kwenye ganda la faili la zip. Inalifungua, inahesabu na kusoma kila kilichomo, na kama ndani kuna zip nyingine inaingia humo pia. Ndiyo sababu namba ya mafaili yaliyosomwa inaweza kupita idadi ya mafaili unayodhani unayo, na ndiyo sababu makadirio ya muda hayaaminiki: programu haijui ndani ya furushi kuna nini mpaka imelifungua.

Na diski ya sahani ina kikomo chake kisichobembelezeka. Ikizunguka mara 7,200 kwa dakika, ni mizunguko 120 kwa sekunde. Kichwa cha kusomea kikitakiwa kwenda kwenye faili lililo mahali pengine, hakina budi kuhamia kwenye njia yake, kisha kingoje sahani ilete mahali hapo chini yake. Safari hiyo moja ni kama milisekunde 13. Ni kufumba na kufumbua, tena kasoro. Lakini zidisha kwa mafaili madogo 600,000 na upate zaidi ya saa mbili za kichwa kusafiri tu, kabla hujahesabu muda wa kusoma wala wa kulinganisha na alama za virusi, vile vitambulisho vya virusi vinavyojulikana. Diski za SSD hazina sahani wala kichwa, kwa hiyo safari hiyo karibu haipo. Mtu akiniambia skani yake kamili inachukua saa sita kwenye diski ya sahani iliyojaa, simwambii ana virusi. Namwambia ana diski ya sahani iliyojaa.

Ila kuchelewa na kugota si kitu kimoja. Hapa ndipo niliposhindwa kusikiliza. Skani inayochelewa inasogea: namba inapanda, taa ya diski inapepesa bila mpangilio, sauti ni ya mchakacho wa mfululizo. Skani iliyogota inarudia jambo moja. Taa inawaka bila kuzimika. Sauti ina mahadhi, tik na kimya, tik na kimya. Na ukiianza upya, inagota karibu na palepale.

Asubuhi ya baada ya usiku wa nne nilifungua Event Viewer, lile daftari ambamo Windows huandika matukio yake muhimu. Watu wengi hawalijui, na nasikitika kwamba hatufundishwi, kwa sababu limeandika ukweli wote bila kupindisha. Ndani yake kuna sehemu ya Windows Defender. Skani ikianza huandikwa namba 1000. Ikimaliza, 1001. Ikisimamishwa kabla ya kumaliza, 1002. Ikishindwa, 1005. Nilikuta 1000 nne, na sikukuta 1001 hata moja. Usiku ule wa umeme ulionekana kwenye sehemu ya mfumo kwa namba 41, maana yake mashine iliwaka bila kuwa imezimwa vizuri. Halafu, kwenye sehemu hiyohiyo ya mfumo, nikakuta safu nzima ya alama nyekundu, saa saba, saa saba na dakika mbili, saa saba na dakika tano. Chanzo: diski. Namba 7. Maelezo yake ni mafupi: kifaa kina sehemu mbovu.

Nilikaa nikitazama ile safu. Kila mstari ulikuwa tik moja niliyoisikia.

Diski ikifika kwenye sehemu isiyosomeka haikati tamaa mara moja. Inajaribu tena, na tena, ikirudisha kichwa nyuma na kukileta. Wakati huo Windows inaisubiri diski, programu ya kuzuia virusi inaisubiri Windows, na mimi naisubiri programu. Hakuna aliyekwama isipokuwa diski. Kumbe kwa usiku mbili nilikuwa nimeiamuru diski inayokufa isomwe yote, kona kwa kona, na kila ilipojikwaa niliianzisha upya kutoka mwanzo. Skani kamili ni miongoni mwa kazi nzito kabisa unazoweza kuipa diski. Kwenye diski yenye afya si neno. Kwenye diski mgonjwa ni kumkimbiza mgonjwa ngazi juu ili upime mapigo ya moyo wake.

Na humo ndani alikuwa Bibi.

Nilizima kompyuta, nikachomoa waya ukutani, nikamwambia Baba. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza kama zile kanda zenyewe, za kaseti, bado zipo. Alikuwa na hakika kwamba zipo, lakini hakujua ni kasha lipi.

Fundi wa kwanza niliyemfikia alisikia neno virusi na neno kugota, akajibu papo hapo: "Dada, hiyo tunaipiga Windows upya, jioni unaichukua." Namheshimu kila anayekula kwa jasho lake, lakini jibu hilo hutolewa kwa kila ugonjwa, na limefuta picha za harusi, tasnifu na hesabu za vikoba visivyo na idadi. Kupiga Windows upya kunaandika juu ya diski. Kwenye diski yenye sehemu mbovu, yenye nakala pekee ya kitu usichoweza kukipata tena, hilo ndilo jambo la mwisho kufanywa. Hata chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, yenye nyongeza ya /r, ambayo watu huelekezana kama dawa, ni ya kungoja: inasoma diski nzima kutafuta sehemu mbovu, na inaweza kubadilisha mambo ambayo bado unayahitaji. Nakili kwanza.

Fundi wa pili aliuliza swali ambalo sikutegemea. "Dada, humo ndani kuna kitu ambacho ukikipoteza hukipati tena?" Nikamwambia. Akasema basi virusi tunaviweka kando, tuanze na hicho.

Hakuiwasha Windows kabisa. Aliiwasha mashine kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, na hilo lilitatua mambo mawili: kirusi cha Windows hakipati nafasi ya kuamka, na hakuna programu inayogusa diski nyuma ya mgongo wako. Kwanza alisoma taarifa za afya ambazo diski hujiandikia yenyewe. Sehemu zilizoshindwa kusomeka na zinazongoja kuamuliwa zilikuwa mia na zaidi, na kwenye diski yenye afya namba hiyo inatakiwa kuwa sifuri. Hata kwenye Windows unaweza kuisoma kwa programu ya bure kama CrystalDiskInfo, kwa dakika moja. Ningeanza na dakika hiyo moja, usiku nne zisingepita.

Kisha akachomeka SSD mpya na kutumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. Nataka niisifu programu hii kwa moyo wote, ni ya GNU, mradi wa programu huria, na hailipiwi. Inavyofanya kazi ni kinyume kabisa na nilivyofanya mimi. Inapita kwanza kwenye sehemu nzuri na kuzinakili haraka. Ikifika kwenye mbovu haing'ang'ani; inaruka, inaendelea, inaziachia mwisho. Na muda wote inaandika ramani kwenye faili la pembeni: hapa nimenakili, hapa bado, hapa nimeshindwa. Fundi aliiweka ramani hiyo kwenye flashi nyingine. Siku ya pili umeme ulikatika, kama ilivyotarajiwa. Uliporudi aliandika amri ileile, na kazi ikaendelea ilipoishia. Nilikuwa nimesimama pale. Baada ya zile skani zilizorudi sifuri, niliona kama nimeona jambo la huruma.

Siku mbili. Kwenye diski yenye afya ya ukubwa ule ingekuwa saa mbili. Mwishowe zilibaki kama MB 7 zisizosomeka kati ya GB 500, na karibu zote zilikuwa ndani ya faili moja. Kanda ya saba.

Baada ya hapo ndipo tukarudi kwenye virusi, kwa utulivu. SSD ikaingia kwenye mashine. Kwanza ile skani ya nje ya mfumo, ambayo kompyuta hujizima na kuwaka bila Windows kamili kisha inakagua, kama robo saa hivi. Hiyo ni ya kirusi kinachojua kujificha au kuizima programu ya ulinzi wakati Windows inaendelea. Ikiwa skani yako inakatika yenyewe kila mara, diski ni nzima, umeme upo na mashine hailali, basi hiyo ndiyo ya kujaribu. Haikupata kitu. Kisha skani kamili. Saa moja na dakika kumi na mbili. Nikafungua Event Viewer, nikaikuta 1001, nikamwita Baba aje aione, naye akaja akaitazama kwa adabu ingawa haikumwambia kitu.

Mdogo wangu alitaka tuongeze programu ya pili ya ulinzi, aliyopewa na rafiki kwenye flashi, iliyovunjwa leseni. Nilikataa kwa sababu mbili. Programu ya ulinzi iliyofunguliwa na mtu usiyemjua umeipa funguo zote za nyumba. Na walinzi wawili wa muda wote kwenye mashine moja hukaguana: kila faili linasomwa mara mbili, na mashine inazidi kuchelewa. Ukiweka nyingine iliyo halali Defender hujiweka kando, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mlinzi mmoja, anayepata masasisho ya alama za virusi kila siku, basi.

Kumaliza skani pia si cheti cha usafi. Fred Cohen, aliyeandika utafiti wa mwanzo kuhusu virusi vya kompyuta mwaka 1984, alionyesha kwa hoja ya kimantiki kwamba hakuna programu inayoweza kutambua kila kirusi bila kukosea. Kwa hiyo sijali tena sana kama skani kamili inafanyika kila wiki. Najali kama flashi ya steshenari inakaguliwa peke yake kabla ya kufunguliwa, kazi ya dakika moja kwa kubofya kulia. Najali kama orodha za kamati sasa zinapelekwa kwa PDF kwenye simu badala ya flashi. Na skani ya ratiba tumeipa nafasi: kwa kawaida Windows huiendesha mashine ikiwa imewaka lakini haitumiki, na sisi tulikuwa na desturi ya kuzima ukutani mara tu kazi ikiisha, kwa kuogopa umeme kurudi kwa nguvu. Haikuwa inapata muda hata siku moja. Sasa Ijumaa, Baba akienda msikitini, anaiacha imewaka.

Mafurushi ya mdogo wangu tuliyahamishia diski ya nje, pamoja na nakala ya kanda zote. Nakala nyingine iko kwangu. Nyingine kwa shangazi, Muheza.

Kanda ya saba tuliisikiliza Jumapili, wote. Ile MB 7 isiyosomeka imegeuka kimya, vipande vipande, jumla kama sekunde arobaini. Bibi anataja watoto wa dada yake. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha kimya, kisha wa tano. Baba alirudisha nyuma mara kadhaa. Alisema jina analo mdomoni lakini halitoki, na hakutaka kubahatisha.

Kasha la kaseti lilipatikana juu ya kabati, nyuma ya masufuria ya shughuli. Kanda zilikuwapo zote. Redio kaseti ndiyo iliyogoma. Ukanda wake wa mpira ulikuwa umelegea na sauti ilitoka nzito, ya polepole. Baba akaibeba kwenye mfuko wa rambo, akaenda nayo Ngamiani, barabara ya 12, ambako bado kuna mzee anayetengeneza redio, akarudi bila ukanda, akaambiwa asubiri wiki. Wiki ikawa mbili.

Siku ulipopatikana alinipigia simu nikiwa kazini. Niliporudi alikuwa ameshaweka kanda ya saba, upande wa pili, ananingoja. Jina la nne lilisikika. Baba akaliandika kwa kalamu ndani ya jalada la kanda, akapuliza wino ukauke, akanipa waya nichomeke nyuma ya kompyuta.